Jumapili za 147,573,952,589,676,412,927: shajara ya mradi wa penseli na daftari

Jumapili, 2 Juni 2024

Leo nimefungua daftari jipya la miraba. Kwenye ukurasa wa kwanza nimeandika namba moja tu:

147,573,952,589,676,412,927

Ina tarakimu 21. Wengi wetu maneno ya kuhesabia hutuishia kwenye trilioni, kwa hiyo mimi naisoma hivi: chukua bilioni, izidishe kwa bilioni, kisha uwe na mafungu kama hilo 147 na nusu ushei. Asili yake ni nyepesi kuliko sura yake. Andika 2 mara 67, zizidishe zote pamoja, toa 1. Kwa kifupi ni 2^67 − 1.

Mwaka 1644 Marin Mersenne, mtawa wa Ufaransa, alichapisha orodha ya namba za aina hii alizodai ni tasa, yaani hazina kigawo ila 1 na zenyewe. Alisema 2^p − 1 ni tasa pale p inapokuwa 2, 3, 5, 7, 13, 17, 19, 31, 67, 127 na 257, na kwamba hakuna nyingine hadi 257. Watu waliishi na orodha hiyo zaidi ya miaka 200. Mwaka 1876 Édouard Lucas, Mfaransa pia, alithibitisha kwamba ile ya 67 si tasa. Hakusema inagawanyika kwa ngapi. Alijua ina vigawo, bila kukijua hata kimoja. Jambo hilo lilinikosesha usingizi nilipolisoma mara ya kwanza nikiwa mwanafunzi, na mpaka leo mimi ni mwalimu wa hesabu na bado linanigusa vilevile.

Tarehe 31 Oktoba 1903, kwenye mkutano wa Chama cha Hisabati cha Marekani jijini New York, Frank Nelson Cole akavionyesha vigawo hivyo: 193,707,721 na 761,838,257,287. Eric Temple Bell alisimulia miongo kadhaa baadaye kwamba Cole hakutamka neno. Alikwenda ubaoni, akakokotoa 2^67, akatoa 1, akahamia upande mwingine wa ubao, akazizidisha namba mbili hizo mstari kwa mstari. Majibu yakalingana. Akarudi kukaa, ukumbi ukampigia makofi. Bell anasema alimuuliza ilimchukua muda gani kuvipata, Cole akajibu: Jumapili za miaka mitatu.

Basi mradi wangu ni huu. Kila Jumapili nikipata nafasi, nitaipitia namba hii kwa penseli na kifutio, bila kikokotoo wala simu. Nataka kuikokotoa mwenyewe. Nataka kuzidisha vile vigawo viwili mwenyewe. Halafu nataka kitu kigumu zaidi: kujiridhisha kwa mkono wangu kwamba vigawo hivyo navyo ni tasa, kwamba haviwezi kupasuliwa tena.

Jumapili, 9 Juni

Kazi ya leo: kuongeza maradufu. 2, 4, 8, 16, mpaka mstari wa 67. Nilijiwekea vituo. 2^10 ni 1,024. 2^20 ni 1,048,576. 2^30 ni 1,073,741,824. Kila mstari niliukagua kwa njia mbili za haraka. Ya kwanza ni tarakimu ya mwisho, inayozunguka 2, 4, 8, 6 bila kuchoka. Mstari wa 67 lazima uishie na 8. Ya pili ni kutupa tisa: jumlisha tarakimu zote, ukitupa kila 9, uone kinachobaki. Mabaki ya vipeo vya 2 huzunguka 2, 4, 8, 7, 5, 1, kisha tena. Mstari wa 67 unaangukia kwenye 2.

Nilifika: 147,573,952,589,676,412,928. Inaishia na 8. Tarakimu zake jumla 110, na 1 + 1 + 0 ni 2. Nikatoa 1.

Nilipofika mstari wa 32 nilikumbuka bao. Bao letu lina mashimo 32 na kete 64 tu. Ukitaka shimo la kwanza liwe na kete 1, la pili 2, la tatu 4, ukaendelea hivyo hadi shimo la mwisho, utahitaji kete 4,294,967,295. Kwenye sataranji yenye vyumba 64 ni 18,446,744,073,709,551,615. Mizigo minane ya sataranji kama hiyo, na kete 7 juu yake, ndiyo namba yangu kamili. Nimeizidisha kuhakikisha. Imekubali.

Jumapili, 16 Juni

Leo nilisimama mahali pa Cole. Kabla ya kuanza niliona kitu kinachorahisisha kazi: 193,707,721 ina tarakimu tisa, lakini 7 inajirudia mara tatu, 1 mara mbili, na 0 haina kazi. Kwa hiyo unahitaji kuzidisha 761,838,257,287 kwa 2, 3, 7 na 9 tu, kisha kunakili na kusogeza. Wenye hesabu za ubaoni lazima walifurahi kuliona hilo.

Mistari yangu:

kwa 1: 761,838,257,287
kwa 2: 1,523,676,514,574
kwa 3: 2,285,514,771,861
kwa 7: 5,332,867,801,009
kwa 9: 6,856,544,315,583

Nikapanga, nikajumlisha, nikapata 147,573,952,535,676,412,927.

Si yenyewe. Katikati pameandikwa 535 badala ya 589. Nikatupa tisa kwenye jibu langu: baki 1. Kwenye vigawo: 193,707,721 ina jumla 37, baki 1, 761,838,257,287 ina jumla 64, baki 1, moja kwa moja ni moja. Kwa kipimo cha tisa jibu langu lilikuwa sawa! Nilirudia kujumlisha mara tatu, nikapata kosa lilelile, mpaka giza likaingia.

Jumatano, 19 Juni

Siyo Jumapili, ila sikuweza kuiacha. Shangazi amekuja kutusalimia. Kabla ya kompyuta alitunza vitabu vya hesabu vya ushirika kwa miaka mingi. Alinikuta na daftari mezani.

"Tofauti yako ni ngapi, mwanangu?"

"Bilioni 54, shangazi."

"Inagawanyika kwa tisa?"

"Inagawanyika. Mara bilioni 6."

"Basi usirudie kuzidisha. Umepindua tarakimu mbili zilizo jirani, na moja imeizidi mwenzake kwa 6. Tafuta 6 na 0, au 7 na 1, au 8 na 2, au 9 na 3."

Nilipata chini ya dakika mbili. Wakati wa kunakili mstari wa 3, nilikuwa nimeandika 2,285,514,717,861. Ile 71 imekuwa 17. Sababu nimeiandika pembeni ya daftari ili nisiisahau: tarakimu a na b zikipinduliwa, 10a + b inakuwa 10b + a, na tofauti ni 9 mara (a − b). Ndiyo maana kutupa tisa hakukuona kitu. Kipimo cha tisa ni kipofu kabisa kwa kosa hilo, na hilo ndilo kosa ambalo mkono uliochoka hulifanya zaidi.

Dawa ni kumi na moja: unajumlisha na kutoa tarakimu kwa zamu kuanzia kulia, kisha unatoa au kuongeza 11 mpaka ibaki namba kati ya 0 na 10. Jibu langu bovu lilibakiza 5. Namba yenyewe inabakiza 6. Vigawo vinabakiza 9 na 8, ambavyo ni 72, na 72 ukitoa 66 ni 6. Kuanzia leo kila hesabu inapita kwenye tisa na kumi na moja. Shangazi anasema wao walifanya hivyo kwa sababu hawakuwa na kitu kingine cha kuwaambia ukweli.

Jumapili, 23 Juni

Nimezidisha upya, kwa wino. 147,573,952,589,676,412,927. Dakika 18 kwa saa ya ukutani, pamoja na ukaguzi.

Dakika 18 kukagua, dhidi ya Jumapili za miaka mitatu kutafuta. Nimeuacha ukurasa mzima wazi baada ya mstari huo.

Jumapili, 7 Julai

Sasa ndani zaidi: kwa nini vigawo hivi na si vingine?

Chukua namba tasa yoyote inayoigawa namba yetu bila baki, niiite T. Hapo 2^67 ikigawanywa kwa T inabakiza 1. Fuata mabaki ya 2, 4, 8, 16 na kuendelea ukigawanya kwa T. Yanazunguka. Yakishafika 1 yanaanza upya kwa mpangilio uleule, kama siku zinavyorudi Jumapili. Hatua ya 67 tunajua ni 1, kwa hiyo urefu wa mzunguko lazima uingie kamili ndani ya 67. Lakini 67 ni tasa. Kinachoingia ndani yake ni 1 au 67 yenyewe. Mzunguko wa urefu 1 ungedai 2 ibakize 1, jambo lisilowezekana. Basi mzunguko ni wa hatua 67, bila mjadala.

Upande mwingine, Pierre de Fermat aliandika mwaka 1640 kwamba kwa namba tasa T, kipeo cha T − 1 hurudisha baki kwenye 1. Kwa hiyo 67 inaingia kamili ndani ya T − 1. Na kwa kuwa T ni witiri, T − 1 ni shufwa. Jumla ya maneno: 134 inaingia kamili ndani ya T − 1. Kila kigawo tasa cha namba yetu ni 134 mara kitu, ongeza 1.

Nikajaribu. 193,707,720 gawanya kwa 134: 1,445,580, hakuna baki. 761,838,257,286 gawanya kwa 134: 5,685,360,129, hakuna baki. Niliinuka kwenye kiti. Nimejua kanuni hii tangu chuo, nimeifundisha, lakini sikuwahi kuiona ikifunga yenyewe mbele yangu kwenye namba kubwa kiasi hiki.

Kuna kichujio cha pili. 2^68 inabakiza 2, na 2^68 ni 2^34 ikizidishwa kwa yenyewe. Yaani kwa T, namba 2 ni baki la kipeo cha pili. Namba tasa zenye sifa hiyo ni zile tu ambazo zikigawanywa kwa 8 hubakiza 1 au 7. Kwa hesabu yetu maana yake ile "mara kitu" lazima ikigawanywa kwa 4 ibakize 0 au 1. 1,445,580 inabakiza 0. 5,685,360,129 inabakiza 1. Kigawo kimoja kimeingia kwa mlango huu, cha pili kwa mlango ule.

Jumapili, 14 Julai

Leo nimejifanya sijui jibu, nikaanza kutafuta kama mtu wa kwanza. Wagombea wadogo, yaani namba zinazopita vichujio vyote viwili: 135, 537, 671, 1,073, 1,207. Wote wanapasuka (1,073 ni 29 mara 37, 1,207 ni 17 mara 71). Wa kwanza aliye tasa kweli ni 1,609.

Hakuna haja ya kugawanya namba ya tarakimu 21. Unapanda kwa mabaki, ukizidisha kila baki kwa lenyewe:

2^16 = 65,536, baki 1,176
2^32, baki 845
2^64, baki 1,238
2^67 ni hiyo mara 8: 9,904, baki 250

Ingekuwa kigawo, baki lingekuwa 1. Kwa hiyo namba yetu ikigawanywa kwa 1,609 inabakiza 249. Wa pili aliye tasa ni 3,217: mabaki 1,196, kisha 2,068, kisha 1,231, na mwisho 197. Naye si kigawo. Namba yetu inabakiza 196. Naandika mabaki haya kwa ukamilifu ingawa hayana kazi sasa.

(3,217 inastahili heshima yake pembeni: 2^3217 − 1 yenyewe ni tasa, imejulikana tangu 1957.)

Jumapili, 21 Julai

Leo ni hesabu ya uchovu tu. Kuanzia mgombea wa kwanza hadi 193,707,721 kuna wagombea 722,790 wanaopita vichujio viwili. Kila mmoja akinichukua dakika 20, ni saa 240,930, karibu miaka 27 na nusu bila kulala. Nikiwaondoa wasio tasa wanabaki, kwa makadirio yangu, kama 81,000. Gawanya kwa Jumapili 156 za miaka mitatu: zaidi ya 500 kila Jumapili. Hakuna mkono wa binadamu unaoweza.

Kwa hiyo Cole hakutafuta hivi. Njia yake aliieleza katika makala fupi iliyotoka mwaka huohuo wa 1903 katika jarida la chama: alitafuta mabaki mengi ya kipeo cha pili ya namba hiyo. Kila baki la namna hiyo hufanya kazi kama kile kichujio changu cha 8, linakata takribani nusu ya wagombea waliobaki. Kichujio juu ya kichujio, mpaka msitu unakuwa uchochoro. Watu husimulia ukimya wake ubaoni, nami naipenda simulizi hiyo, lakini ninachokiheshimu zaidi ni vichujio. Makofi yale yalikuwa ya vichujio, hata kama ukumbi uliona kuzidisha tu.

Jumapili, 28 Julai

Kwa nini Lucas aliweza kusema "si tasa" bila kigawo? Kwanza nilijaribu kipimo ambacho wanafunzi wangu wangekijaribu, kile cha Fermat: kama N ni tasa, 2^(N−1) ikigawanywa kwa N inabakiza 1. Kama haibakizi 1, N si tasa na kazi imekwisha.

Namba yetu inakidanganya kipimo hicho. N − 1 ni 2^67 − 2, na kwa kanuni ileile ya Fermat inagawanyika kwa 67: ni 67 mara 2,202,596,307,308,603,178, nimezidisha kuhakikisha. Sasa, 2^67 ikigawanywa kwa 2^67 − 1 inabakiza 1, hilo halihitaji hata penseli. Basi kipeo chochote ambacho ni kigawe cha 67 kinabakiza 1, na N − 1 ni mojawapo. Namba isiyo tasa imevaa vazi la tasa, na vazi limemkaa sawasawa.

Lucas alihitaji kipimo kikali zaidi. Sura yake ya leo, iliyonyooshwa na Derrick Henry Lehmer mwaka 1930, ni hii: anza na 4, kila hatua zidisha namba kwa yenyewe, toa 2, chukua baki. Kwa 2^p − 1 fanya hatua p − 2. Ukifika 0, ni tasa. Usipofika, si tasa. Nimeifanya kwa 127, yaani 2^7 − 1: 4, 14, 67, 42, 111, 0. Tasa. Nilipoona 67 imejitokeza njiani nilitabasamu, ingawa haina maana yoyote pale.

Kwa namba yangu ni hatua 65, karibu kila moja ni kuzidisha namba ya tarakimu 20 au 21 kwa yenyewe. Sitaifanya. Lucas alibuni njia yake ya kurahisisha, na hata hivyo nashindwa kufikiria uvumilivu ule.

Jumapili, 4 Agosti

Leo ndiyo niliyoingojea. 193,707,721 kwa njia ileile ya kupanda, kana kwamba sijawahi kuzidisha chochote.

2^32 ni 4,294,967,296. Toa 193,707,721 mara 22, inabaki 33,397,434.

Zidisha 33,397,434 kwa yenyewe. Nilitumia 33,400,000 toa 2,566, ili zipatikane sifuri nyingi: 1,115,388,597,784,356. Tisa imekubali, kumi na moja imekubali. Gawanya kwa 193,707,721: inaingia mara 5,758,100, inabaki 169,494,256. Hilo ndilo baki la 2^64.

Imebaki mara 8. 169,494,256 mara 8 ni 1,355,954,048.

193,707,721 mara 7 ni 1,355,954,047.

Baki 1.

Nimeziangalia namba hizo mbili, moja chini ya nyingine, zikitofautiana kwa 1 tu kwenye tarakimu ya mwisho. Nilimwita mke wangu akaja akaziona naye. Alisoma tarakimu moja moja kwa sauti, za juu na za chini, mpaka mwisho.

Jumapili, 18 Agosti

Je, 193,707,721 yenyewe ni tasa? Kipeuo chake cha pili ni chini kidogo ya 13,918. Kwa kawaida ungeigawanya kwa kila namba tasa hadi hapo, na ziko zaidi ya 1,600. Lakini kinachoigawa hii kinaigawa pia namba kubwa, kwa hiyo lazima kipite vichujio vyangu viwili. Chini ya 13,918 wagombea ni 51 tu. Nimewapitia wote: 4,289 ni tasa, 6,433 ni 7 mara 919, 8,711 ni 31 mara 281, 10,721 imenisumbua mpaka nikaona ni 71 mara 151. Mwisho wamebaki kumi na mmoja: 1,609, 3,217, 4,289, 4,423, 5,897, 7,103, 7,639, 9,649, 11,257, 11,927 na 12,329.

Kumi na moja badala ya elfu moja na mia sita. Mabaki kwa mpangilio huo: 211, 2,500, 3,614, 2,436, 3,065, 1,808, 5,598, 4,046, 8,522, 1,314, 6,802. Hakuna sifuri.

193,707,721 ni tasa. Nimeandika sentensi hiyo kwa wino mwekundu.

Jumapili, 8 Septemba

Shule imefunguliwa, nafasi ni chache. Nimerudi tu kwenye orodha ya Mersenne. Makosa yake ni matano: aliingiza 67 na 257 zisizostahili, akaacha 61, 89 na 107. Ile ya 61 ilithibitishwa na Ivan Pervushin, padri wa Urusi, mwaka 1883. Wapo waliodhani 67 ilikuwa kosa la kuchapa 61. Binafsi siamini, kwa sababu 89 na 107 nazo hazipo; lakini nawaelewa waliotaka kumtetea.

Jumanne, 22 Oktoba

Jana imetangazwa namba tasa kubwa kuliko zote zinazojulikana: 2^136279841 − 1, yenye tarakimu 41,024,320. Aliyeipata ni Luke Durant, Mmarekani, kupitia mradi wa GIMPS ulioanzishwa mwaka 1996 na George Woltman, ambamo watu wa nchi nyingi huunganisha kompyuta zao. Uthibitisho wa mwisho ulitumia kipimo kilekile cha 4, 14, na kuendelea. Niliwaonyesha wanafunzi ukurasa wangu wa 127 na kuwaambia ni hatua zilezile, zimeongezwa tu. Walinyamaza kidogo, kisha mmoja akaomba aifanye kwa 31. Alipata 4, 14, 8, 0.

Jumapili, 27 Oktoba

Kimebaki kigawo kikubwa, 761,838,257,287. Kipeuo chake cha pili kinazidi 872,800. Wagombea walio tasa hadi hapo nawakadiria 525. Jumapili moja naweza kumaliza kumi bila kuharakisha, basi ni kama mwaka mmoja. Nimekubali.

Nimeanza na 1,609: inaingia mara 473,485,554, inabaki 901. Si sifuri. Nilikuwa nakaribia kupita mbele nilipokumbuka ukurasa wa 14 Julai. Kigawo kidogo kilibakiza 211 kwa 1,609. Kikubwa kimebakiza 901. 211 mara 901 ni 190,111. Toa 1,609 mara 118, inabaki 249. Nikafungua nyuma. Ukurasa wa Julai unasema 249.

Nikafanya 3,217. Kikubwa kinabakiza 1,431, kidogo kilibakiza 2,500. Zidisha: 3,577,500. Toa 3,217 mara 1,112. Inabaki 196, na Julai niliandika 196.

Wamebaki 523. Anayefuata ni 4,289.